Uvimbe wa titi uliotoka kwenye figo: kwa nini karatasi yako ya zamani ya hospitali bado ina kazi

Katika baraza moja la afya lililofanyika mapema mwaka huu, baada ya maswali ya kawaida kuhusu dawa za presha na foleni za kliniki, mama mmoja alisubiri watu wapungue ndipo akamwendea afisa wa kliniki pembeni. Alikuwa ametolewa figo moja miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ya saratani. Sasa alikuwa amegusa kijiuvimbe kwenye titi. Alitaka kujua kama hiyo ni saratani mpya au ni ile ile ya figo imehama, na kama jambo la namna hiyo linawezekana hata kidogo.

Linawezekana. Ni nadra sana, na wengi wanaosoma jarida hili hawatakutana nalo maishani. Lakini kwa sababu ni nadra, ni rahisi kulikosea, na kosa lenyewe lina gharama kubwa: mgonjwa anaweza kukatwa titi lote bila sababu na kupewa kwa miezi kadhaa dawa ambazo haziwezi kumsaidia. Kinachozuia kosa hilo mara nyingi si mashine ya bei ghali. Ni mgonjwa kusema, siku ya kwanza kabisa, kwamba aliwahi kutibiwa saratani ya figo.

Kwanza, figo yenyewe

Saratani ya figo haisikiki sana hapa kwetu. Tunapozungumzia saratani Kenya, kwanza hutajwa ya titi, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio. Hata hivyo, duniani kote watu zaidi ya 430,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya figo mwaka 2022, na wanaume huipata takribani mara mbili zaidi ya wanawake. Mambo yanayojulikana kuongeza hatari ni uvutaji wa sigara, unene wa kupita kiasi na shinikizo la damu. Wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine kwa miaka mingi pia wamo katika hatari, na kuna familia chache zinazorithi kasoro ya jeni inayoileta.

Ugonjwa huu hukaa kimya. Figo zimejificha nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, na uvimbe unaweza kukua huko muda mrefu bila mtu kuhisi chochote. Vitabu vya udaktari hutaja dalili tatu: damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Ni wagonjwa wachache, chini ya mmoja kati ya 10, wanaofika hospitalini wakiwa na zote tatu kwa pamoja. Wengi siku hizi hugunduliwa kwa bahati, wakipigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa.

Hapa Pwani kuna tatizo la ziada linalopaswa kutajwa. Kichocho cha kibofu kimekuwa nasi kwa vizazi, na kuna vijiji ambako mtoto kukojoa damu huonekana kama sehemu ya kukua. Mazoea hayo humfuata mtu mpaka utu uzima. Mwanamume wa miaka 55 anaona damu kwenye mkojo, haumwi popote, damu inakoma yenyewe baada ya siku mbili, naye anasema ni kichocho cha utotoni kimemrudia. Huenda kweli ni kichocho, na kipimo cha mkojo kitaonyesha mayai yake, naye atapewa dawa. Lakini mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu anahitaji kuchunguzwa kibofu na figo pia, hata kama damu imekoma. Kukoma kwa damu si kupona.

Jinsi seli zinavyosafiri

Ili kuelewa uvimbe wa figo unavyoweza kufika kwenye titi, inafaa kujua figo hufanya kazi gani. Takribani sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo, zaidi ya lita moja kila dakika. Ni viungo vichache vyenye ukubwa huo vinavyopitisha damu nyingi namna hiyo.

Saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima huitwa saratani ya seli angavu, kwa sababu chini ya darubini seli zake huonekana nyeupe, kana kwamba ni tupu. Katika nyingi ya saratani hizi, jeni inayoitwa VHL imeharibika. Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia seli kujua kama ina oksijeni ya kutosha. Ikiharibika, seli hujiona inakosa hewa hata kama hewa ipo, na huanza kuagiza mishipa mipya ya damu bila kukoma. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza kwa kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni, na jeni hii ilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Matokeo yake ni uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Saratani hii pia ina tabia ya kuingia ndani ya mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye figo. Seli zikikatika humo, hupelekwa kwenye mshipa mkuu wa tumbo, kisha kwenye moyo, kisha kwenye mapafu. Ndiyo maana mapafu ndiyo mahali zinapopatikana zaidi zikisambaa. Zinazopita mapafu husukumwa kwenda mwilini kote: kwenye mifupa, ini, ubongo na, mara chache, mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Ngozi ya kichwa ni pamoja, tezi ya koo, kongosho. Titi limo katika orodha hiyo.

Titi la mtu mzima, hasa baada ya hedhi kukoma, lina mafuta mengi na mishipa ya damu michache kuliko viungo vingi, na madaktari wengi hulitaja hilo kama sababu moja ya seli ngeni kukosa kutulia hapo. Kati ya saratani zote zinazopatikana ndani ya titi, zilizotoka kiungo kingine ni kama 2 kati ya 100 au hata chini ya hapo. Na kati ya hizo ngeni, nyingi hutoka kwenye saratani ya ngozi aina ya melanoma, saratani za damu na tezi, mapafu na ovari. Za figo ni sehemu ndogo tu. Wanaume pia wanaweza kuzipata, ingawa ni wachache mno.

Lililo muhimu zaidi kwa mkaazi wa kawaida ni muda. Saratani ya figo inajulikana kwa kulala. Mtu hutolewa figo, anapona, anarudi shambani au dukani, miaka 5 inapita, pengine 10 au zaidi, halafu uvimbe unatokea mahali pengine. Kwa wakati huo ameshabadilisha hospitali, faili limepotea, na yeye mwenyewe anaihesabu ile operesheni kama jambo lililokwisha. Wapo pia ambao mambo kwao huwa kinyume: uvimbe wa titi ndio dalili ya kwanza, na figo yenye ugonjwa hugunduliwa baadaye wakati wa uchunguzi.

Picha inayodanganya

Saratani iliyoanzia kwenye titi mara nyingi ina sura yake kwenye mamogramu. Kingo zake hazieleweki, zina miiba kama mizizi, na mara nyingi kuna vidoa vidogo vyeupe vya chokaa. Ngozi inaweza kuvutwa ndani, au chuchu kubadilika.

Uvimbe uliotoka kwenye figo kwa kawaida hauna hayo. Ni wa mviringo, kingo zake ni laini, hauna vidoa vya chokaa, mara nyingi uko karibu na ngozi na husogea kidogo ukiguswa. Hauumi. Kwa maneno mengine, unafanana sana na uvimbe usio wa saratani ambao wasichana na wanawake wengi hupata, ule ambao daktari humwambia mgonjwa asiwe na wasiwasi nao. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Mama anaweza kurudishwa nyumbani kwa nia njema kabisa, akaambiwa arudi baada ya miezi sita.

Ni lazima niseme hapa, kwa sababu najua makala kama haya husomwa usiku na mtu aliyejishika titi na kukosa usingizi: uvimbe mwingi wa titi si saratani. Hata kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya figo, uvimbe mpya unaweza kuwa wa kawaida, au ukawa saratani ya titi iliyoanza yenyewe. Hakuna anayeweza kutofautisha kwa kugusa, na wala picha peke yake haitoshi. Aliyewahi kuwa na saratani yoyote hapaswi kuambiwa asubiri. Uvimbe wake unahitaji kuchukuliwa kipande cha nyama na kupimwa.

Kipande hicho huchukuliwa kwa sindano nene baada ya kufa ganzi. Kwa kuwa uvimbe wa figo umejaa mishipa ya damu, unaweza kuvuja damu zaidi ya kawaida unapochomwa, na hilo ni jambo ambalo daktari angependa kulijua kabla ya kuanza.

Kwenye darubini

Kipande kikifika maabara, mwanapatholojia hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvitazama. Anaona seli nyeupe, angavu. Tatizo ni kwamba zipo saratani chache za titi ambazo nazo zina seli angavu. Kama fomu iliyoandamana na kipande imeandikwa tu kwamba ni uvimbe wa titi, mwanamke, miaka 60, basi yeye ataanza kufikiria titi. Hajui kuhusu figo. Hakuna aliyemwambia.

Hatua ya kawaida inayofuata ni kupima vipokezi vitatu ambavyo huongoza matibabu ya saratani ya titi: viwili vya homoni na kimoja kinachoitwa HER2. Seli zilizotoka kwenye figo kwa kawaida hazina hata kimoja. Majibu yakirudi hivyo, ni rahisi kuandika kwamba hii ni saratani ya titi isiyo na vipokezi vyote vitatu, ambayo ni aina halisi, kali, na ambayo madaktari wetu huiona mara kwa mara. Mgonjwa anapewa jina la ugonjwa ambao hana.

Mwanapatholojia akijua habari ya figo, mambo hubadilika. Kuna rangi maalumu za maabara zinazoshika protini za kiungo fulani. Moja iitwayo PAX8 hushika seli za figo na kwa kawaida haishiki za titi. Nyingine, GATA3, mara nyingi hufanya kinyume chake. Zaidi ya hapo, maabara nyingi huhifadhi nyama iliyotolewa wakati wa operesheni ndani ya kipande cha nta kwa miaka mingi. Kama inajulikana ni hospitali gani na mwaka gani, kipande cha zamani cha figo kinaweza kuombwa na kuwekwa kando ya kipya cha titi, vikatazamwa pamoja. Ni kazi ya siku chache tu, mradi kuna aliyejua kwamba kipande hicho kipo.

Matibabu hayafanani

Kwa saratani iliyoanzia kwenye titi, daktari anaweza kupanga kulitoa titi lote, kutoa tezi za kwapani, kisha tibakemikali, mionzi, na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka. Mpango huo huokoa maisha ya wanawake wengi na hakuna anayepaswa kuuogopa.

Kwa uvimbe uliotoka kwenye figo, karibu kila kipengele cha mpango huo hakifai. Tibakemikali za saratani ya titi hazina nguvu juu ya saratani ya figo. Ni moja ya saratani zinazojulikana kwa kutosikia dawa hizo. Vidonge vya homoni havina cha kuzuia. Kutoa titi lote na tezi za kwapani kwa kawaida hakuongezi faida, kwa sababu seli hazikupitia huko. Zilikuja na damu. Ikiwa uvimbe ni mmoja na picha za mwili mzima hazionyeshi mwingine, madaktari wanaweza kuutoa huo peke yake na kuliacha titi.

Baada ya hapo, au ikiwa kuna uvimbe sehemu nyingine, kuna dawa zinazolenga tabia ya saratani yenyewe. Kundi moja huzuia ujenzi wa ile mishipa mipya ya damu. Sunitinib, ambayo ni vidonge, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Kundi la pili huamsha kinga ya mwili iione saratani kama adui. Nivolumab iliidhinishwa huko kwa saratani ya figo mwaka 2015. Dawa hizi zimewaongezea wagonjwa wengi miaka ya kuishi. Ni ghali, hasa za kundi la pili, na si vyema kumficha mkaazi hilo.

Tusiseme uongo pia kuhusu uzito wa hali hii. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikikamatwa ikiwa bado ndani ya figo, takribani watu 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imesambaa mbali, ni takribani 2 kati ya 10. Lakini hesabu hiyo inawaweka pamoja wagonjwa wa kila aina. Mtu mwenye uvimbe mmoja uliojitokeza miaka mingi baada ya operesheni kwa kawaida huwa na nafasi nzuri kuliko aliyegunduliwa ukiwa umeenea kila mahali tangu mwanzo.

Nini cha kubeba, nini cha kusema

Kama umetolewa figo, au ndugu yako ametolewa, tafuta karatasi mbili. Ya kwanza ni ile uliyopewa uliporuhusiwa kutoka hospitalini. Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni ripoti ya maabara iliyoeleza ni nini kilichokuwa ndani ya figo hiyo. Si kila figo hutolewa kwa sababu ya saratani. Nyingine hutolewa kwa mawe, usaha au ajali, na ripoti ndiyo itakayosema. Zipige picha kwa simu na umtumie mtu mmoja unayemwamini katika familia, kwa sababu simu huibwa na nyumba huvuja.

Karatasi zikiwa zimepotea, rudi hospitali uliyofanyiwa operesheni ukiwa na kitambulisho na mwaka wa operesheni, hata kwa kukadiria, uende ofisi ya rekodi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, una haki ya kupata taarifa zako zinazohifadhiwa. Uliza pia kama maabara bado ina kipande cha nta.

Unapofika zahanati au kituo cha afya na shida yoyote mpya, iwe uvimbe popote mwilini, kikohozi kisichoisha, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku au damu kwenye mkojo, anza kwa kusema kuhusu figo kabla ya kueleza kilichokuleta. Nimewasikia wahudumu wetu wakilalamika kwamba wagonjwa husema habari hiyo wakiwa wameshika mlango wakitoka. Wapo wanaonyamaza kwa aibu, hasa akina mama wanaohofia kwamba jina la saratani likisikika foleni nzima litawafuata mpaka kijijini. Una haki ya kuomba kuzungumza faraghani, na mhudumu anapaswa kukupa nafasi hiyo.

Zahanati haitafanya biopsi. Kazi yake ni kukuchunguza na kukuandikia barua ya rufaa. Omba, bila kuona haya, kwamba barua hiyo iandikwe wazi kuwa uliwahi kutibiwa saratani ya figo, na uisome kabla ya kuondoka. Maneno hayo machache yakiwa kwenye barua, yatamfikia daktari wa upasuaji, kisha yule wa picha, kisha mwanapatholojia ambaye hutamwona kamwe. Kwa matibabu ya saratani yenyewe, wagonjwa wa Pwani hupelekwa zaidi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani mjini Mombasa, na wengine Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi.

Kuhusu malipo: tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za saratani zimo, lakini zina kikomo cha mwaka kwa kila kaya na huhitaji idhini kabla ya kuanza. Idhini hutegemea jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye ripoti. Kaya inayomaliza kikomo chake kwa dawa za titi wakati ugonjwa ni wa figo itabaki bila fedha siku jina sahihi litakapopatikana.

Kwa walio na figo moja na wameacha kwenda kliniki kwa sababu wanajisikia wazima: ratiba ya kawaida ya kufuatiliwa ni angalau miaka mitano, kwa picha na vipimo vya damu, na daktari anaweza kuiongeza kulingana na ukubwa wa uvimbe uliotolewa. Kama mlipotezana na kliniki yenu, si lazima mrudi kule kule. Nendeni hospitali ya kaunti iliyo karibu, mkiwa na karatasi, na mwombe kufunguliwa faili upya.